Rangi ya Gari la Mama Furaha

Jirani yangu wa siku hizi hupaka rangi pikipiki. Hupulizia mchana, upepo wa ziwani ukielekea kwangu, na harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, inaingia jikoni kabla sijawahi kufunga dirisha. Watu wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hunipa wivu. Ninasimama na mwiko mkononi, mtu mzima, mama wa watu, na moyo unanibana kama wa mtoto aliyemwona mwenzake anapewa kitu. Wivu huo ni wa zamani. Ulianzia nyumbani kwetu Nchelenge, msimu ule wa kiangazi tulipokuwa tunatafuta rangi ya gari la Mama Furaha.

Mama Furaha hakuwa mama yangu. Alikuwa mke wa kwanza wa baba. Alikufa ng'ambo, Pweto, kabla vita haijafika, akaacha mtoto mmoja wa kike na gari moja, na baba akavuka navyo vyote viwili. Upande huu wa ziwa akakutana na mama yangu, mkimbizi wa Pweto vilevile. Wakajenga, nikazaliwa mimi, Sifa. Lakini kwetu mwanamume huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Soko zima lilimwita Baba Furaha. Kanisani, Baba Furaha. Wavuvi waliomletea mashini za mitumbwi azitengeneze walisimama njiani wakaita, "Ba Furaha, muliko?", yaani mpo? Hata mama yangu, akishasonga bukari, ugali wetu, alitoa kichwa mlangoni na kuita, "Baba Furaha, chakula." Nilikuwa nikisubiri siku moja mtu akosee, aseme Baba Sifa. Hakuna aliyekosea.

Gari lenyewe lilikaa nyuma ya nyumba, chini ya banda la matete. Lilikuwa gari la Wafaransa la zamani, pua ndefu, taa za mviringo, matako yameinama kama ya mbuzi anayetaka kulala. Rangi yake ilikuwa kahawia mbaya, ile wanayopaka milango ya vyoo. Baba ndiye aliyelipaka, Pweto, askari walipoanza kunyang'anya watu magari. Alilikwangua kwa kipande cha chupa, akalipaka kwa burashi ya ukutani, akalitoa magurudumu, ili lionekane limekufa. Askari wakalipita. Baadaye akalirudishia magurudumu na kulipitisha njia ya Chiengi, Furaha amelala nyuma kati ya masufuria. Ukipitisha kidole kwenye mlango ulihisi mistari ya burashi, na katika mstari mmoja kulikuwa na unywele uliogandia humo.

Nilijua unywele huo kwa sababu sehemu hiyo ndiyo niliyoruhusiwa kugusa. Ndani alikaa Furaha. Alikuwa tayari msichana mkubwa, mimi meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Akitaka kusoma alifungua mlango, akaingia, akaufunga. Na ule mlango ulifungika kwa sauti nzito, ya kitu kilichoshiba. Nikikaribia mama aliniambia, "Sifa, acha. Ile ni ya yaya yako." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilimtazama kupitia kioo. Yeye alinitabasamia, wakati mwingine akashusha kioo na kunipa nusu ya muwa wake. Furaha alikuwa mwema kwangu. Alinisuka nywele bila kunivuta, alinifuta kamasi kwa kitenge chake mwenyewe. Hilo ndilo lililonichosha, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

Kisha mwalimu mmoja wa Mwansabombwe akaja na wazee wake kumposa. Baba alifurahi, akachinja. Lakini msichana wa kwetu hatolewi na baba yake peke yake. Mjomba lazima awepo, kaka wa mama yake. Na mjomba wa Furaha, Mjomba Kalenga, aliishi kisiwani Kilwa, humohumo ziwani, akinunua samaki wakavu, na hakuwahi kukanyaga kwetu tangu watu walipovuka. Baba alipanda mtumbwi asubuhi kwenda kumwona. Alirudi kesho yake, uso umeungua na jua, akakaa kwenye kigoda na kuvua viatu kwanza, polepole.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema ile motokari aliipataka kwa munganga muzungu, ikiwa na kuleri yake ya kiwandani. Akamupa dada yake siku ya ndoa. Anasema miye niliifunika na matope, na dada yake nikamufunika vilevile."

"Ulimuelezea juu ya basoda, bale ba kunyang'anya motokari?"

"Nilimuelezea. Anasema, 'Basoda balisharudi kwabo. Kuleri iko wapi?'" Baba akatazama vidole vyake vya miguu. "Furaha akitoka hapa ndani ya ile motokari, na kuleri yake ya kwanza, atakuya kumutoa. Bila ile, hatakuya."

"Basi nunua pentire, upake."

"Pentire gani?" baba akasema.

Ndipo tulipojua, wote waliokuwa pale, kwamba baba amesahau ile kuleri, rangi ya kwanza. Aliliendesha gari lile miaka mingi, aliliosha kwa mikono yake, na sasa alikaa amefumba macho na hakuna rangi iliyomjia.

Kuanzia hapo kila alasiri baba na Furaha walikuwa bandani, yeye na msasa, binti na wembe, wakikwangua kahawia hapa na pale. Niligeuza kinu nikakikalia, nikawatazama. Palipokwanguliwa siku zile za vita hapakuwa na kitu chini ila kijivu. "Labda njo ile," baba alisema mara ya kwanza, labda ndiyo hiyo, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Kijivu ni ya chini tu, ile inayopakwa ili rangi ishike. Kwenye pembe ya mlango, karibu na bawaba, walipata kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Kilikuwa kimepauka kwa jua, na kahawia imekiingia, huwezi kusema ni nini.

"Umeona, baba?" Furaha akasema. "Bulu. Nilikuambia. Nilikuwa nakaa pa magoti ya mama, mbele pale, mukono inje ya dirisha. Chuma ilikuwa inaniunguza. Naangalia chini, naona bulu. Bulu ya mbingu."

"Ulikuwa mutoto sana."

"Nakumbuka, baba."

Nikasema na mimi naona ni nyekundu. Furaha akacheka, si kwa ubaya. "Weye ulikuwa haujazaliwa, kadogo." Wakarudi kwenye ukucha wao, vichwa vimegusana. Nilitazama visogo vyao viwili, vilivyofanana umbo, na nikawaza kwamba ningetoa meno yangu yote, yaliyotoka na yasiyotoka, ili niwe nimekuwepo.

Siku moja ya siku hizo nikamsikia baba akimwambia, kwa sauti ya chini, "Tukiipata ile kuleri, mama yako atarudi mu hii nyumba."

Leo najua alichotaka kusema. Wakati ule nilisikia maneno kama yalivyo. Mama Furaha anarudi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Nilivihesabu vitanda kichwani, nikampanga kila mtu mahali pake, na kila nilivyopanga, aliyebaki nje alikuwa mama yangu. Nilikuwa nimewaona, kwenye kambi ya wakimbizi ya karibu, wanawake ambao waume wao waliodhaniwa wafu walirudi wakakuta mwanamume mwingine. Nilijua watu hurudi na kwamba mtu fulani lazima achukue godoro lake aondoke.

Nilimkuta mama anachekecha unga wa muhogo.

"Mama, Mama Furaha anarudi."

Mikono yake ikasimama. "Nani amesema?"

"Baba. Wakipata rangi."

Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Alitazama upande wa banda, kisha akaendelea kutikisa chekecho, na chekecho halikuwa na unga tena ndani. Nikaona basi ni kweli. Jioni tukisali, wengine wakiomba mvua na samaki na harusi njema, mimi niliomba rangi isipatikane.

Baba akaleta makopo kutoka Kashikishi: nyeupe, buluu, manjano, na kidogo nyeusi. Alikuwa fundi wa mashini, si wa rangi, lakini alichanganya kwa makini kama anayepika dawa, tone baada ya tone, akipaka kwenye vipande vya mabati na kuvitundika uani kwenye uzio. Rangi ikiwa mbichi ilikuwa moja, ikikauka nyingine. Asubuhi ilikuwa moja, jua la saa sita ikawa nyingine. Harufu ya tina iliingia hata kwenye bukari. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuanika chisense walisimama kutoa maoni. "Iyi e isuma, ba tata," mmoja alisema, hii ndiyo nzuri, na mwenzake akabishana naye mpaka wakasahau samaki wao. Vibati vyote vilikuwa vya buluu. Furaha alipita mbele yavyo, akirudi nyuma, akifumba jicho moja, mpaka akachagua kimoja. Baba akaazima pampu ya kupulizia, akapaka mlango wa mbele.

Furaha alisimama mbele ya mlango ule akajifunika mdomo. "Njo yeye," akasema.

Baba alitazama upande huu, akatazama upande ule. "Inakaribia," akasema.

Mimi nilimtazama mama. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na uso wake ulikuwa na kitabasamu kidogo, cha mtoto anayejua jibu darasani na hataki kunyoosha mkono. Sikukielewa. Nilidhani huzuni imemchanganya.

Siku waliyopanga kupaka gari lote, pampu ilikuwa tayari inanguruma na baba amejifunga kitambaa puani, mama alipotoka jikoni. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Alivuka ua bila haraka.

"Zima hiyo mashini," akasema.

Baba akaizima.

"Haikukuwaka bulu, ile kuleri."

Mama hakuwa mtu wa kuingia bandani. Sikumbuki kumwona akiligusa lile gari, hata kulifuta vumbi.

"Mama, weye unajua wapi?" Furaha akamwuliza, kwa adabu. Alimwita mama yangu mama siku zote, na hilo nalo liliniuma.

"Nilikuwa nauzisha mikate pa mulango ya kanisa, Pweto," mama akasema. "Kila siku ya Mungu ile motokari ilikuwa inasimama mbele yangu. Nilikuwa kijana kama weye sasa. Naangalia ile motokari mpaka mikate inakauka mu kitunga. Ilikuwa kuleri ya majani, lakini majani ya pole. Ukipasua kotapela, si karibu na ganda, si karibu na kokwa. Pale katikati. Njo ile."

Kotapela ni parachichi. Ndivyo linavyoitwa huku kwetu. Baba alishusha kitambaa kutoka puani. Akakaa juu ya kopo.

"Miaka yote hii ulikuwa unajua?"

"Nani aliniulizaka?"

"Lakini umeona tunahangaika. Umeona mabati. Juu ya nini haukusema?"

Mama alijipangusa unga kwenye kitenge, mkono mmoja, kisha wa pili. "Juu nilikuwa na wivu, Baba Furaha. Nilikuwa na wivu naye akiwa muzima, na nikakuya kuwa na wivu naye akiwa mufu. Weye ulikuwa unaendesha, haukukuwa na haja ya kuangalia. Mutu wa wivu anaangalia, na hasahau kitu." Alisema hivyo kama anayetaja kijiji alikozaliwa. Kisha akaonyesha kidole nyuma ya gari. "Ile taa ya kuume si ya kwanza. Ulirudisha motokari nyuma bila kuangalia, ukagonga nguzo ya kanisa. Bakaweka taa kubwa kupita ile ya kwanza. Batu balicheka, na miye nilicheka kupita bote. Toa ile taa."

Nilimwona baba akikumbuka. Ilimjia usoni, aibu ya kijana mbele ya kanisa lote, na pembe za mdomo wake zikapanda. Alichukua bisibisi. Skrubu zilikuwa zimekula kutu. Alizimwagia mafuta, akangoja, akazigonga, akazizungusha tena. Mpira wa taa ulikuwa umegandamana na bati, akautoa kwa ncha ya kisu. Taa ikatoka. Mahali ilipokuwa, ambapo kipande chake cha chupa hakikufika, palikuwa na mwezi mwembamba wa rangi, mbichi, unang'aa, kama umepakwa jana.

Ulikuwa kijani cha pole. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nilikichukia papo hapo.

Baba akageuka kumtafuta Furaha ili amwonyeshe. Furaha hakuwepo.

Mimi nilijua alikokwenda. Nilimfuata mpaka ufukweni, kwenye vichanja vya kuanikia chisense, na ninakumbuka kwamba nilikimbia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza alikuwa kama mimi, kana kwamba na yeye hakuwepo Pweto. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, "Weye ulikuwa haujazaliwa," nililibeba kama jiwe.

Alikuwa ameketi mchangani, miguu imenyooshwa mbele, anatazama maji. Hakulia. Aliniona akasogea kidogo, kama kawaida yake, kunipa nafasi.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu, Sifa," akasema. "Uso yake sijui. Sauti yake sijui. Niko na ile bulu. Nikienda kulala naiangalia. Sasa na ile ilikuwa ya kuota."

Lile jiwe langu nikalimeza. Nilitafuta kitu kingine cha kusema, na nilichokipata kilikuwa swali.

"Na magoti?"

"Magoti gani?"

"Ulisema ulikuwa unakaa pa magoti yake."

Nzi walikuwa wengi juu ya samaki. "Ile ni ya kweli," akasema hatimaye. "Alikuwa ananishika hapa," akaweka kiganja juu ya tumbo lake. "Nguvu. Kama motokari itanirusha." Akaendelea kukaa hivyo, kiganja tumboni, na mimi nikakaa kando yake mpaka tuliposikia pampu inanguruma tena, baba akiisafisha buluu.

Siku zilizofuata ndizo zilizoniuma kuliko zote. Mama alikuwa bandani. Alishika nusu ya parachichi mkononi, baba anachanganya, na yeye anasema, "Manjano. Kidogo. Hapana, umezidisha, rudisha nyeupe." Parachichi likaanza kugeuka kahawia na yeye akapiga kelele ya kicheko, "Fanya mbio, inakufa," na baba naye akacheka, akamwaga tone kubwa kuliko alivyotaka, wakaanza upya na parachichi jingine. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja kwa kitu kimoja. Nilikula maparachichi yaliyobaki, yenye ladha ya tina vidoleni, na nikawaza kwamba mpaka wiki ile tulikuwa wawili, mimi na mama, tuliosimama nje ya lile gari. Sasa na yeye ameingia. Nilibaki na wivu wangu peke yangu, na wivu wa mtu mmoja ni mzito kuubeba.

Na juu ya wivu, hofu. Maana rangi ilikuwa imepatikana. Gari lilisimama uani limepakwa lote, kijani, limetulia, taa imerudishwa mahali pake, na watoto wa jirani wanajitazama kwenye milango. Mama alikuwa anaimba, hajui, au amekubali. Kila aliyepita njiani nilimkagua. Nilikuwa namngoja Mama Furaha.

Alikuja siku ambayo Mjomba Kalenga aliletwa na mtumbwi kutoka Kilwa. Niliwaona wanapanda kutoka ufukweni, baba amebeba mzigo mbele, nyuma yake mzee mrefu mwenye fimbo, na nyuma ya mzee mwanamke mnene mzuri, kitenge kipya, hereni zinang'aa. Aliliona gari, akasimama, akaweka mkono mmoja kwenye mlango wa mbele. Furaha alisema mama yake alikaa mbele pale. Sikuwaza zaidi. Nilikimbia mpaka kwenye mlango wa nyumba, nikapanua mikono nikashika miimo yote miwili.

"Mama yangu haendi fasi yoyote," nikasema.

Wote wakanitazama. Mama alikuwa nyuma yangu ndani, nilisikia sufuria likiwekwa chini.

"Nani anamufukuza mama yako?" baba akauliza.

"Weye ulisema. Ulisema rangi ikipatikana, Mama Furaha atarudi mu hii nyumba. Na sasa ameshakuya. Lakini fasi hapana."

Yule mwanamke, ambaye alikuwa mke wa Mjomba Kalenga na hakuwa na kosa lolote, aliondoa mkono kwenye gari kama limemuunguza. Baba alitua mzigo. Alimtazama mama juu ya kichwa changu, na mama alimtazama yeye, na sijui walichosemezana kwa macho hayo, ila nadhani ndipo mama alipojua kwamba neno nililomletea, lililomnyima usingizi, lilikuwa limegeuzwa na sikio la mtoto. Kisha baba akachuchumaa mbele yangu. Magoti yake yalikuwa na madoa ya kijani.

"Batu benye kufa habarudi, Sifa. Nilitaka kusema tutamukumbuka."

"Juu ya nini haukusema vile?"

Mama ndiye aliyeitoa mikono yangu mlangoni, mmoja mmoja, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa, akatoka nami hadi uani kuwapokea wageni.

Mjomba Kalenga alilizunguka gari. Aligusa paa kwa kiganja, akagusa taa ya nyuma, akainama kutazama kitu kwenye chuma cha mbele, akarudi kwenye mlango. "Njo yeye," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mwenye ugomvi. "Nani alikukumbusha?"

"Mama Sifa," baba akasema.

Mzee akamgeukia mama. "Dada yangu ulimujuaka wapi?"

"Sikumujua, mujomba. Nilikuwa namuangalia tu. Kila siku ya Mungu, pa kanisa."

"Alikuwa anatembea namna gani?"

Lilikuwa swali la ajabu, lakini mama hakulistaajabia. Alinishusha mgongoni. "Mbio," akasema. "Kama mutu ameacha sufuria pa moto. Alikuwa na viatu ya bulu, ya kamba, na moja kamba yake ilikatika, akaifunga na uzi mweusi. Mulango ya motokari alikuwa anafunga na kiuno, juu mikono ilimujaa mutoto." Akamwonyesha Furaha kwa kidevu. "Uyu. Alikuwa hamuachie mutu kumubeba, hata padiri. Akiimba alikuwa anapita bengine, anamaliza wa kwanza. Na alikuwa na kovu hapa, pa shavu, akicheka inaingia ndani."

"Alianguka pa kinu," mzee akasema. "Nilikuwa naye." Akaishika fimbo kwa mikono miwili.

Furaha alikuwa amesimama mbali, kwenye jiko. Alisogea, akasogea tena, mpaka akaketi chini karibu na miguu ya mama yangu. "Viatu ilikuwa bulu?" akauliza.

"Bulu ya mbingu," mama akasema.

Chai ilipoa siku hiyo. Mama alisema mpaka jua likaegemea ziwa, kila alichokiona kwa miaka ile ya mikate, nguo, mkufu, namna Mama Furaha alivyomkaripia baba kwa kugonga nguzo, na mzee akiuliza tena na tena, na Furaha hapumui. Nilisikiliza na mimi. Nilikuwa nimeegemea mgongo wa mama, na sauti yake ilinijia kupitia mbavu. Ndivyo alivyorudi, yule niliyemngoja. Hakuchukua kitanda cha mtu.

Asubuhi ya harusi Mjomba Kalenga alimtoa Furaha mlangoni kwa mkono wake. Baba akashika usukani, mzee akaketi mbele, na nyuma wakaingia mke wake, bwana harusi na bibi harusi wake katika nguo nyeupe nyingi kama povu. Mzee akashuka tena. Akamfungulia mama mlango wa mbele, akamwambia aketi pale, yeye atakwenda na watu wa kwaya kwenye lori lao. Mama alikataa, akakataa, akaingia. Alikaa wima sana, mkoba magotini, kama mtu anayepigwa picha. Nikabaki uani. Nilijua kabla hawajasema kwamba nafasi hakuna. Nilikuwa tayari nimeanza kutembea kuelekea lori Furaha alipogonga kioo kwa pete yake ya uchumba, akakishusha, akaniingiza kupitia dirishani kama mzigo, kichwa kwanza.

Hivyo nililipanda lile gari mara ya kwanza, nimebanwa kati ya bibi harusi na mwalimu aliyekuwa anatokwa na jasho. Tuliteremka barabara ya Mwansabombwe honi inalia, watu wanatoka mashambani kupunga. Nilikuwa na kila nilichokitaka. Nilikuwa ndani, mlango umefungika kwa ile sauti ya kushiba, mama yangu mbele, Furaha ananishika bega. Niliwatazama walio nje na nilitaka safari isiishe.

Ilikwisha baada ya misa na chakula na ngoma. Furaha alibaki pale, kwenye mlango wa nyumba ya watu wengine, yule mwalimu amesimama kando yake na mkono wake umewekwa kiunoni mwa Furaha, mahali ambapo kichwa changu hufika. Tukaingia garini kurudi. Mjomba na mkewe walipanda lori la kwaya, na kiti cha nyuma chote kilikuwa changu. Baba aliniambia nikae dirishani, nitoe mkono nje kama nataka, na mama akacheka akasema leo Sifa ni bosi.

Sikutoa mkono. Nilipiga magoti juu ya kiti, nikageukia kioo cha nyuma, nikawatazama wale wawili mlangoni mpaka vumbi likawafunika. Nilimwonea wivu yule mwalimu. Nilimwonea wivu kwa nguvu zangu zote, njia nzima mpaka Nchelenge.